Sifa za Kusakinisha Linux Upya

Wapo wanaoiita adhabu kazi ya kusakinisha Linux upya, yaani kuufuta mfumo endeshi unaoiongoza kompyuta, kuuweka mwingine safi mahali pake, kisha kuirudisha mipangilio binafsi ambayo mtumiaji alikwisha kuizoea. Hao hawajaitafakari. Kazi hii humzoesha mtu subira bila ada ya mwalimu. Humpa udhuru usio na aibu wa kutojibu barua za ofisini kutwa nzima. Tena humfunza jiografia, kwa kuwa mkazi wa Dar es Salaam anayechungulia ndani ya hifadhidata ya majira ya saa hugundua kwamba jina la jiji lake limewekwa humo kama kiungo tu kinachoelekeza Nairobi.

Hata hivyo, fadhila yake kuu ni zuhudi, yaani kuupa kisogo ulimwengu pamoja na mapambo yake. Katika daraja la kwanza mtumiaji huvuliwa vitu vya anasa, kama picha ya skrini na fonti alizozipenda. Katika daraja la pili huondolewa historia ya amri alizowahi kuiandikia mashine, ambayo ndiyo kumbukumbu yake halisi, kwa sababu amri ndefu iliyowahi kufanya kazi hakuna anayeikariri. Daraja la juu hufikiwa na wateule ambao kadi yao ya Wi-Fi haikutambuliwa, kwa kukosekana programu ndogo inayoiamsha: hao hukatwa na walimwengu kabisa, huku maelekezo ya kuipata intaneti yakiwa yamehifadhiwa kwenye intaneti. Mradi wa Debian, unaotoa mojawapo ya aina za Linux na ulioanzishwa mwaka 1993, uliwalinda watawa hawa kwa miaka mingi, kwani programu hizo hazikutiwa katika diski yake rasmi ya usakinishaji hadi toleo la 12 la mwaka 2023, pengine kwa kuchelea kuwaharibia swaumu.

Mipangilio yenyewe nayo ina staha. Hukaa katika mafaili ambayo majina yake huanza kwa nukta, na kwa hiyo hayaonekani katika orodha ya kawaida. Rob Pike, mmoja wa wahandisi wa Unix, alieleza kwamba sitara hii ilitokana na njia ya mkato ya mwandishi wa programu, aliyetaka kuficha alama mbili tu, ile ya folda ilipo na ile ya folda iliyo juu yake, akajikuta ameficha kila kinachoanza kwa nukta. Matokeo yake ni kwamba anayenakili vitu vyake kwa kutumia alama ya nyota huokoa picha zote za harusi ya shemeji na kuiacha mipangilio iteketee.

Lakini yuko mwenye busara aliyeitenga folda yake ya nyumbani katika sehemu yake ya diski, isiguswe na usakinishaji. Huyu amekosa nini? Ubuntu, aina nyingine ya Linux, ilimhamishia katika mandhari ya skrini iitwayo Unity mwaka 2011, ikamrudisha katika ile ya GNOME mwaka 2017. Kisha GNOME 45, iliyotoka mwaka 2023, ikabadilisha namna ya kuandika viongezo, yaani vijiprogramu vinavyoongezwa kwenye mandhari, hata vile vya zamani vikakataa kufanya kazi mpaka viandikwe upya. Mafaili yake yote yapo salama, ila hakuna wa kuyasoma. Hapo zuhudi haipo tena. Kuna wahandisi wanaoyahesabu mazoea ya mtumiaji kuwa takataka za toleo lililopita, na kuna washauri ambao, kwa kila hitilafu, hata ya sauti kukwaruza, hawana dawa ila kumwambia mgonjwa asakinishe upya.

Yeyote anayebadilisha mahali au muundo wa mipangilio na aandike pia programu ya kuihamisha, aijaribu katika kompyuta yake mwenyewe iliyokwisha kuzoeleka, ndipo alitangaze toleo jipya.