Mabenchi ya Mwenyekiti Nyati

Paliondokea mji wa wanyama katika nchi ya dhahabu, kati ya Geita na Kahama. Dhahabu ilipojaza hazina ya mji, Mwenyekiti Nyati akaamuru bustani ya mapumziko. Migunga na mikwaju ikakatwa ili uwanja uonekane vizuri kutoka barabarani, mabenchi 40 ya zege yakapangwa mstari. Siku ya uzinduzi, saa sita mchana, zege likaunguza. Wageni wakavuka barabara, wakabanana kwenye mizizi ya mkwaju pekee uliosalia.

Nyati akahamaki. Akaamuru michongoma ipandwe kuzunguka kila benchi, nayo ikastawi ikasongamana. Digidigi akaja, akasogea, akageuka.

"Mbona hukai, binti?" Nyati akauliza.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Nikikaa hapa nitajuaje kama Chui hajajibanza nyuma yangu?"

Ikabidi aitwe Babu Kobe kutoka Shinyanga.

"Wajukuu zangu," akasema, "niliona miti ya Usukuma ikifyekwa ili mbung'o waangamie, kisha ikafyekwa tena kupisha pamba. Mwalimu Nyerere akauita mkoa wetu jangwa la Tanzania. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilikuwa zimebaki hekta 600 hivi. Ngitili ni elimu ya wazee wetu: malisho hufungwa mvua zinapoanza, yakafunguliwa kiangazi kikikaza. Wanakijiji walifunga ardhi yao, na visiki vikachipua vyenyewe. Miaka ya 2000 ilipoanza, ngitili zilikuwa zimepita hekta 300,000. Fungeni na bustani yenu. Matawi yawe juu ya kichwa, vichaka visipite goti, anayeketi aone njia. Tazameni pia wenyeji hupumzika wapi adhuhuri; hapo ndipo pa kuweka benchi."

Mbuzi walinung'unika, lakini uwanja ukafungwa. Visiki vya migunga vikatoa machipukizi, misimu ikapita, yakawa miti. Michongoma ikapunguzwa, mabenchi yakahamishiwa kivulini. Digidigi akaketi na wanawe, macho yakiiona njia. Mabenchi machache yaliyoachwa juani hayakupata mkaaji hata mmoja.

Nyati akawaambia madiwani wake: "Benchi tulilinunua kwa siku moja. Kivuli kimetudai miaka, na bila hicho tulikuwa hatujampa raia yeyote pa kukaa. Kuanzia leo, anayetaka kujenga bustani kwanza aoneshe mti atakaouacha."