Babu Spana Anajibu: Gari Lililolala Nje

Wiki hii barua zote ni za magari yaliyosimama. Kipupwe kimeingia, upepo wa Kondoa unatupa vumbi tangu asubuhi, na wenye magari wasio na mabanda hawalali. Babu amevaa miwani, tuanze.

*Shikamoo Babu. Mimi ni mwalimu hapa Bicha, naenda masomoni miezi sita. Gari langu nitaliacha uani kwa shangazi, nje, hakuna banda. Nimesoma kwamba kabla ya baridi lazima nitie dawa ya kuzuia maji ya rejeta yasigande, na nivalishe tairi za theluji. Hapa Kondoa zinauzwa wapi? – Mwalimu Mwenye Hofu*

Marahaba, Mwalimu. Ushauri huo waliandikiwa watu ambao maji yao huganda ndooni. Sisi tuko karibu mita 1,400 juu ya bahari, na alfajiri ya Julai utamkuta mtu mzima ameota moto na blanketi mabegani, lakini baridi hiyo rejeta haiitambui. Hata hivyo dawa hiyo, kulanti, itie. Barafu haiji, ila kutu ipo: maji matupu ya bomba yakilala miezi sita ndani ya injini yanakula chuma polepole, na wewe uko darasani unaandika tasnifu.

Betri, fungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Gari likizimwa, saa na alamu bado zinanyonya umeme tone kwa tone, na betri ya risasi ikikaa tupu muda mrefu huota salfeti kwenye sahani zake, baada ya hapo chaji haiingii tena. Itoe, uiweke ndani. Lakini si sebuleni kwa shangazi. Ikikaa sebuleni itaunganishwa na televisheni, na ukirudi itakuwa imeonyesha ligi nzima.

Breki ya mkono usiivute. Breki za nyuma zikibanwa miezi sita hushikana na ngoma zake, na siku ya kuondoka gari litaburuzwa kama mbuzi wa mnadani. Weka gia, kisha jiwe mbele na jiwe nyuma ya tairi. Tairi lenyewe likibeba uzito mahali pamoja hupata bapa, kwa hiyo jaza upepo zaidi kidogo ya kawaida, au ulipandishe gari zima juu ya mawe. Mawe huku hayanunuliwi. Chukua yoyote isipokuwa yenye michoro: yale ya Kolo yamo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2006, na sitaki kusikia umeyaweka chini ya ekseli. Ukishalipandisha, tairi zivue uzifungie ndani. Gari juu ya mawe na tairi zake bado ziko mguuni ni tangazo la biashara.

Na turubai la plastiki, tafadhali, acha. Upepo hulipigapiga mchana na usiku, vumbi lililoingia chini yake linageuka msasa, na rangi uliyotaka kuilinda ndiyo inayoondoka. Osha gari, likauke, livike kava la kitambaa linalopitisha hewa, ulifunge vizuri chini. Dashibodi itandikie kanga kuukuu, jua la hapa huipasua. Mdomo wa ekzozi uzibe na kitambaa, maana nyigu hawaombi ruhusa, na kwenye usukani bandika karatasi ya kukukumbusha kukitoa. Bado wapo panya, wanaopenda waya kuliko mahindi. Kwa hao Babu hana dawa zaidi ya paka.

*Babu, mbuzi wa jirani wanapanda juu ya boneti yangu na kulala hapo. Nimeshalalamika hadi kwa mwenyekiti wa mtaa. – Nimechoka*

Pole. Mwaka 1979, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ule tuliouita HADO, serikali iliondoa mifugo yote kwenye eneo la Kondoa lililoliwa na mmomonyoko. Ungekuwa na gari wakati ule, boneti yako ingemaliza mwaka bila kwato. Umechelewa kununua.

Lakini kabla hujarudi kwa mwenyekiti, niambie: nani ameanika mbaazi juu ya paa la gari hilo? Mbuzi hapandi bati la moto kwa sababu ya mandhari. Chunguza nyumbani kwako, kwa upole, maana aliyeanika ndiye anayekupikia.

*Shikamoo Babu. Mimi ni mtoto wa Kondoa, naishi Edmonton, Kanada. Nina magari mawili, moja huku hulala nje hata wakati wa theluji, jingine nimemwachia kaka yangu nyumbani. Kaka ananiambia analiwasha kila wiki dakika tano. Lipi liko hatarini zaidi? – Wa Mbali*

Marahaba. La huko lina bahati. Usiku wa theluji unalichomeka kwenye umeme kama simu ili injini isigande, unajaza tanki, unaosha chumvi ya barabarani isilile chini, basi. Adui yako ni baridi, na baridi haina ndugu.

La huku ndilo linalonitia wasiwasi. Dakika tano ni mbaya kuliko kutoliwasha kabisa: stata inakula umeme mwingi kuliko unaorudi, na mvuke wa maji unabaki kwenye ekzozi kutengeneza kutu. Gari litembee nusu saa, lipate moto hasa. Mwambie kaka akutumie kila Jumapili picha ya namba za kilomita. Zisiposogea, anakudanganya. Zikisogea zaidi ya 300 kwa wiki, usifurahi: hiyo ni Kondoa hadi Dodoma na kurudi, na lami ya Dodoma hadi Babati iliyozinduliwa 2018 imewafanya makaka wengi kuwa madereva wa abiria.

*Babu, nimepata kivuli kizuri cha kuegesha, chini ya mti mkubwa kwenye mto wa mchanga. Umekauka kabisa. – Mjanja*

Umekauka hadi mwishoni mwa Novemba. Aprili 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la Jenerali van Deventer liliingia Kondoa, masika yakalifungia njia nyuma, magari ya mizigo yakazama topeni na askari wakabaki na njaa. Hao walikuwa na jeshi zima la kusukuma. Wewe una nani? Ondoa gari leo.

*Babu, gari la marehemu baba liko juu ya mawe uani miaka kumi na mitano. Kuku wanatagia siti ya nyuma. Tulihifadhije? – Mrithi*

Mjukuu wangu, hadi 2017 gari hilo lilikuwa likidaiwa ada ya leseni ya kila mwaka hata likiwa halina injini. Mwaka ule ada ikafutwa, ikahamishiwa kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita, na kwa kuwa halinywi mafuta, halidaiwi tena kitu. Hiyo ndiyo habari njema pekee niliyo nayo.

Liuze kwa spea kabla ya mvua. Kuku wahamishe kwanza.