Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu wa bima yetu, kuhusu namba 90832

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Mimi ni mkazi wa Lexington, Kentucky, na ni mmoja wa wanachama wa bima unayoiongoza. Kwa kuwa Kiingereza hakinisumbui, majirani zangu wanaozungumza Kiswahili, wengi wao Wakongo waliopitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma au Nakivale kule Uganda, huniletea bahasha zao jioni niwasomee. Nyingi zina nembo ya kampuni yako. Kwa idhini yako, ningependa kukueleza wanachokisoma humo.

Kabla ya yote, pokea shukrani, nazo zinatoka moyoni. Kampuni yako inachangia gharama za tiba ya mazungumzo. Tulikotoka, mtu aliyekimbia vita na kuzika wanawe njiani aliambiwa avumilie, au aombewe, basi. Hapa anapata mtaalamu wa kukaa naye faragha na kumsikiliza. Nawajua watu waliorudia kulala usiku kwa sababu ya mazungumzo hayo, na sitaki lolote nitakalosema lifunike wema huo.

Kilichonisukuma kukuandikia, Mheshimiwa, ni mstari mmoja tu wa karatasi. Mama mmoja jirani yetu, aliyeniruhusu nieleze habari zake bila kumtaja, alikuja na karatasi mbili. Ya kwanza ilitoka kwenu: tarehe, namba 90832, maneno ya Kiingereza yenye maana ya tiba ya mazungumzo ya dakika 30, kisha dola 150, dola 78, sifuri, na dola 78 tena. Ya pili ilitoka kliniki, na juu yake palikuwa na dola 78. Mama alikuwa amechukua kalamu akajumlisha pembeni: 150 na 78, na 78 ya kliniki, akapata deni la dola 306. Anafanya kazi ya kupanga mizigo ghalani usiku. Hakuwa nazo.

Hata hivyo, si fedha zilizomliza. "Nilikaa mle dakika ishirini na tano," aliniambia. "Nilikuwa naitazama saa ya ukutani. Mbona wameandika thelathini? Kumbe mtu niliyemfungulia moyo wangu wote ananiibia?"

Nisamehe, Mheshimiwa, nikirudia mambo ambayo watumishi wako wanayajua kuliko mimi. Namba kama hiyo 90832 ni za Chama cha Madaktari cha Marekani, na kwa tiba ya mazungumzo ya mtu mmoja zimetumika tangu Januari 2013. Mazungumzo yakichukua dakika 16 hadi 37, huandikwa 90832, inayoitwa ya dakika 30. Yakichukua 38 hadi 52, ni 90834, inayoitwa ya dakika 45. Kuanzia 53 ni 90837, ya saa nzima. Nilimweleza mama kwamba ni kama nauli ya basi: ukishuka kituo kimoja kabla ya mwisho, nauli ni ileile, na hakuna aliyekuibia. Dola 150 ni bei ya kliniki yenyewe. Dola 78 ni bei ambayo kliniki imekubaliana nanyi. Sifuri ni mlicholipa, kwa sababu alikuwa hajafikisha kile kiasi cha kujilipia mwenyewe kila mwaka kabla bima haijaanza kuchangia. Na dola 78 za mwisho ndizo zilezile kliniki inazomdai, mara moja tu. Karatasi yenu haikuwa bili hata kidogo, na imeandikwa hivyo juu kabisa, kwa Kiingereza.

Alielewa kabla chai haijapoa. Lakini alikuwa ameshaacha kwenda kliniki, na mpaka leo hajarudi, maana imani iliyokwisha kuvunjika hairudi kwa hesabu kusomeka vizuri. Hilo ndilo linaloniuma, na nathubutu kuamini kwamba lingekuuma wewe pia kama ungekuwa umeketi nasi pale mezani.

Kuna jambo jingine, na hili naliomba kwa unyenyekevu zaidi. Mgonjwa anayetumia mkalimani husema sentensi, kisha husubiri isemwe tena kwa Kiingereza. Jibu nalo hurudi kwa njia hiyohiyo. Katika dakika 30 za namna hiyo, maneno yake mwenyewe na ya mtaalamu hayazidi sana robo saa. Anafika kwenye jambo lililomleta, na muda umekwisha. Wataalamu wanaoijua kazi hii hupenda kumpa saa nzima, lakini wengine huhofia kuandika 90837 mara kwa mara, wasije wakaletewa na bima barua za kuwataka wajieleze. Nakusihi, Mheshimiwa, pale rekodi inapoonyesha kwamba mkalimani alikuwepo, saa hiyo nzima isitiliwe shaka.

Bunge la Marekani lilipitisha mwaka 2008 sheria inayozuia bima kuwawekea wagonjwa wa akili masharti magumu kuliko ya wagonjwa wa mwili. Inabeba majina ya maseneta wawili wa vyama pinzani, Paul Wellstone wa Minnesota na Pete Domenici wa New Mexico. Wellstone alikuwa na kaka aliyeugua akili. Domenici alikuwa na binti. Siitaji kwa kukutishia. Naitaja kwa sababu watu hao wawili walikuwa na madaraka makubwa, na wakayatumia kwa ajili ya maumivu waliyoyaona nyumbani mwao.

Ninachoomba ni kidogo kwa kampuni ya ukubwa wa kwenu. Kila karatasi yenye mojawapo ya namba hizi tatu iambatane na ukurasa mmoja wa Kiswahili, wenye maneno "Hii si bili" kwa herufi kubwa juu. Chini yake ziandikwe dakika ambazo kila namba inabeba, saa ya kuanza na ya kumaliza mazungumzo kama kliniki ilivyoziandika, na kiasi kimoja tu cha kulipa, pamoja na jina la anayelipwa. Pia ielezwe kwamba mwanachama ana siku 180 za kukata rufaa bima ikikataa kulipa, maana wengi hudhani kukataliwa ndio mwisho.

Mkikubali, tuko tayari mtaani kwetu kuusoma ukurasa huo kabla haujachapishwa, bila malipo, na kuwaambia pale ambapo mzee aliyesoma hadi darasa la nne tu anakwama. Jioni yoyote ya wiki inatufaa, Mheshimiwa, na mjumbe wako atapokewa kwa heshima zote.

Wako mtiifu,
Mwanachama wenu, Lexington, Kentucky