Kioo cha Kuringia

Atakaye kujifunza kujenga nyumba Bujumbura aende eneo la viwanda akatazame maghala. Mji uko karibu nyuzi 3 kusini mwa Ikweta, Ziwa Tanganyika liko magharibi, na jua la alasiri hupiga kutoka upande huohuo. Ghala zuri linalijua hilo: paa juu, matundu ya hewa chini ya paa, magunia kivulini. Jumba la kifahari hulielekezea ziwa ukuta mzima wa kioo. Mtasema kioo ni cha kutazamia milima ya Kongo. Sawa, ila saa tisa pazia zito hushushwa, kiyoyozi huunguruma, na umeme ukikatika familia nzima huhamia uani, chini ya mwembe uliosalimika kwa bahati tu. Heri magunia: hayajengewi ili majirani waone.