Kuna Ndege Uwanjani

Chupa ya chai ya mke wangu, ile ya maua mekundu aliyotunzwa kwenye kicheni pati, ilinitoka mkononi usiku mmoja ikapiga sakafu kwa mlio wa bomu. Alipotokea mlangoni, kanga kiunoni, nikamwambia kwa utulivu wa kitaalamu: "Haijavunjika. Imepatwa na mtengano wa haraka usiopangwa."

Maneno hayo sikuyatunga mimi. Tarehe 20 Aprili 2023 roketi ya Starship, yenye urefu wa mita 120 hivi, iliruka kutoka Boca Chica kule Texas, na dakika nne baadaye ikawa moshi na vipande juu ya bahari. Wenyewe SpaceX wakatangaza, bila kupepesa macho, kwamba chombo chao kimepatwa na mtengano wa haraka usiopangwa. Mtu anateketeza roketi nzima na bado anaongea kama karani anayeahirisha kikao! Tangu siku hiyo nikaanza kusoma istilahi za warukaji kama wengine wasomavyo hadithi za mapenzi. Mke wangu alinijibu kwa neno moja la kawaida kabisa, ambalo halifai kuchapwa hapa.

Elimu yangu ilipata mtihani pale mtoto wetu alipokaribia arobaini na nikapewa kazi ya kumleta bibi yake Mwanza. Mama mkwe ni mtu wa Pangani, binti wa nahodha wa jahazi, miaka sabini na ushee. Sikio la kushoto ni zito, jicho la kulia lina mtoto wa jicho, ulimi mzima. Ndege hakuwahi kupanda. Nikajiambia: hapa ndipo mkwe anapojenga jina.

Tulianza vibaya kabla hata ya kupanda. Kipaza sauti pale Dar es Salaam kikasema huu ni wito wa mwisho kwa abiria wa Mwanza. Mama akasimama, akashika mtandio.

"Wa mwisho?"

"Ndiyo, mama. Ndivyo wanavyoita."

"Wito wa mwisho ni wa Izraili. Huyu mwambie aseme tumechelewa."

Ndani nikampa kiti cha dirishani. Ndege ilipogeuka mwanzoni mwa njia ya kurukia, akaona tarakimu nyeupe kubwa kwenye lami, 05, akauliza kama ni namba ya nyumba. Nikakohoa kidogo, nikaeleza: ule ni uelekeo, nyuzi 50 za dira, sifuri ya mwisho imekatwa, anayeingia kwa upande wa pili anaelekea nyuzi 230, ndiyo maana kule wameandika 23.

"Aa, dira," akasema. "Si ungesema."

Tulipokuwa juu nikamwambia tunakwenda mafundo mia nne na kitu. Akasema ya baba yake yalikuwa sita, upepo ukikubali. Nikataka kumfafanulia kwamba zamani yalikuwa mafundo kweli, ya kamba iliyofungwa ubao na kutupwa majini, baharia akihesabu yanayompita mkononi. Alinitazama kama mwanamke anayefundishwa kupika wali. Hata neno rubani, nililodhani ni la kwetu sisi watu wa anga, akaniambia kwao ni yule anayekijua kina cha mlango wa bandari na kuingiza chombo salama.

Nikaona nihamie pasipo na bahari. Nikamweleza habari za kisanduku cheusi, kinachohifadhi sauti za marubani na mwenendo wa ndege. Nikamtaja David Warren wa Australia, ambaye baba yake alikufa kwenye ajali ya ndege mwaka 1934, na ambaye baadaye alishikilia wazo la kurekodi mazungumzo ya chumba cha rubani mpaka wakubwa wakamsikia. Kisha nikaongeza kile kinachonifurahisha kuliko vyote: kisanduku chenyewe si cheusi. Ni cha rangi ya chungwa, ili kionekane upesi kwenye mabaki.

"Wanakiona cha chungwa, wanakiita cheusi?"

"Ndiyo, mama."

Akagusa jicho lake la kulia. "Basi na wao wana mtoto wa jicho."

Mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Mimi nikaingia kwenye meidei. Hadithi yake ni tamu, na ninaomba msomaji anihurumie. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, katika uwanja wa Croydon, London, afisa wa redio aitwaye Mockford alitakiwa atafute neno la kuomba msaada ambalo Mwingereza na Mfaransa watalishika wote wawili, kwa kuwa ndege nyingi pale zilikwenda na kurudi Le Bourget, Paris. Akachukua "nisaidieni" ya Kifaransa, akaivisha matamshi ya Kiingereza. Basi.

"Neno gani?" akauliza mama. Nilikuwa nimekaa upande wa sikio zito, na injini zilikuwa zikiunguruma.

"Meidei."

"Mei ngapi?"

"Meidei, mama."

"Sema nisikie, mwanangu."

Nikasema asikie. "MEIDEI! MEIDEI! MEIDEI! Lazima itamkwe mara tatu!"

Ng'ambo ya ujia mwanamke mmoja akamkumbatia mtoto wake. Bwana mmoja wa suti aliyekuwa amelala akazinduka, akazamisha mkono chini ya kiti, akaibuka na jaketi la kuokolea, akalivaa shingoni kabla hajafungua macho yote mawili. Mhudumu akaja mbio, tabasamu limepigwa pasi.

"Kaka, kuna dharura?"

"Hapana, dada. Namfundisha mama istilahi."

Mama mkwe hakuwa na habari na vurugu hiyo. Alikuwa bado anatafuna somo. "Mara tatu," akasema polepole. "Kama talaka." Akaniangalia usoni kwa muda mrefu kuliko utani unavyohitaji.

Nilikaa kimya mpaka tulipoanza kushuka. Ziwa likafunguka chini yetu, yakaonekana mawe ya Mwanza yaliyobebana kama mizigo ya wahamaji, magurudumu yakatoka kwa kishindo. Lami ikasogea, ikasogea, tukawa karibu kuigusa. Mara injini zikanguruma, pua ikainuka, na tukapaa upya, matumbo yetu tumeyaacha chini.

"Goaraundi," nikasema, kwa sauti nyembamba nisiyoitambua. Nilijua kila kitu kuhusu goaraundi. Nilijua kwamba marubani huifanyia mazoezi, kwamba rubani asiyeridhika na utuaji wake anatakiwa kupaa tena na wala si aibu. Kichwa kilijua, mikono ilikuwa imeng'ang'ania kiti kana kwamba haijawahi kusoma.

"Amebisha," akasema mama, akimaanisha kama jahazi linavyogeuza tanga upepo unapolikataa, na akarekebisha mtandio.

Kisha rubani akaongea, kwa Kiswahili safi na kwa ile sauti yao ya usingizi: "Ndugu abiria, tumeahirisha kutua kwa sababu kuna ndege kwenye njia ya kurukia ndege. Tutazunguka na kujaribu tena."

Ukimya ukapita. Halafu mama mkwe, kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri, yaani ya kufika mkiani, akauliza: "Sasa uwanja wa ndege, alitaka akute nini humo? Mbuzi?"

Kicheko kilichopigwa kilikuwa cha watu waliokuwa wanasali sekunde tano kabla. Lakini kikaleta mgogoro. Nusu ya abiria walielewa ndege ya injini, kwamba kuna chombo kimezubaa mbele yetu. Nusu wakaelewa ndege wa manyoya. Kijana nyuma yangu akauliza, "Ni ndege au ni ndege?" na ya pili akaisindikiza kwa kupigapiga viwiko. Rubani angesema "wapo ndege" au "ipo ndege," tungemaliza palepale. "Kuna" haina ngeli ya kutuokoa. Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini magazeti yetu huhangaika sana na habari za namna hii: ukiandika tu kwamba ndege imegongana na ndege, msomaji anaanza kuhesabu majeneza, kumbe aliyekufa ni kunguru.

"Muulizeni kaka wa meidei," akasema yule bwana wa suti, jaketi bado shingoni. "Si ndiye mtaalamu?"

Vichwa vikanigeukia safu nzima. Nilikuwa na istilahi mia moja na ushee kichwani, za Kiingereza, za Kifaransa, za Texas. Sikujua ni ndege gani.

Tulipotua safari ya pili tuliwaona. Korongo wanne, wale wenye vipara na mifuko shingoni, wamesimama kwenye majani kando ya lami kama wazee wanaosubiri kugawa mirathi. Mama aliwapungia mkono.

Mke wangu alikuwa nje anatusubiri, mtoto kifuani. Akampa mama yake shikamoo, akampokonya kikapu, akauliza safari ilikuwaje.

"Njema," akasema mama mkwe. "Tulibisha hodi mara ya kwanza, wenyeji walikuwa bado uwanjani. Tukazunguka, tukabisha tena." Akamchukua mjukuu, akamwangalia vizuri kwa jicho zima. "Ila huyu mumeo kule juu alinitamkia tatu, mbele za watu. Nimekataa kuzipokea."

Mke wangu akanigeukia.

"Tatu zipi?"