Mwongozo wa Tasnifu Nzito kwa Mwanachuo Mwepesi

Anza na kichwa. Kichwa cha tasnifu ni kama mzigo juu ya basi la Tunduma: ukizidi, abiria wanaamini safari ni ndefu. Changu kilikuwa hiki: "Kuchunguza Nafasi, Dhima na Mchango wa Istilahi za Uhunzi wa Jadi katika Kuakisi Mtazamo-Ulimwengu wa Jamii ya Wafipa: Uchunguzi Kifani wa Vijiji Teule vya Nyanda za Juu za Ufipa, Mkoani Rukwa, Tanzania." Zile nukta mbili katikati usizisahau. Bila nukta mbili hujafanya utafiti, umeandika barua kwa mhariri.

Nilichotaka kujua, ungeniuliza jikoni kwetu Sumbawanga, ni hiki: wazee walipokuwa wakiyeyusha chuma kwenye yale matanuri marefu ya udongo, kila sehemu ya tanuri waliiitaje na kwa nini. Basi. Lakini nani atakupa shahada kwa swali la jikoni?

Ukishapata kichwa, mrudishe msomaji kwenye siku ya kuumbwa kwa ulimwengu. "Tangu enzi na enzi binadamu amekuwa akitumia lugha kama chombo cha mawasiliano." Sentensi hii ina baraka zake: hakuna anayeweza kuipinga, na hakuna aliyewahi kuisoma hadi mwisho. Kisha fungua kamusi. Msahihishaji ana shahada tatu, lakini usimwamini, huenda hajui chuma ni nini. Kwa hiyo "Kwa mujibu wa TUKI (2004), chuma ni…", halafu neno ni nini, halafu jamii ni nini. Mimi nilipomaliza fasili nilikuwa ukurasa wa tisa na sijafika Rukwa.

Hatua inayofuata ni kujipoteza. Neno "mimi" ni haramu kwenye taaluma; badala yake kuna kiumbe kinachoitwa mtafiti. Rasimu yangu ya kwanza bado ninayo, na sura ya tatu inasema hivi: "Mtafiti aliwasili stendi ya Sumbawanga usiku wa mwezi Julai. Mtafiti hakuwa na koti. Mtafiti alipokewa na mama mzazi wa mtafiti." Pembeni, kwa kalamu nyekundu, msimamizi wangu aliandika: "Huyu mtafiti unamfahamu?"

Nitamrudia msimamizi huyo na kalamu yake. Kwanza tumalize hesabu.

Tasnifu bila fomula ni ugali bila mboga, na fomula tunayo, ya Yamane (1967). Unachukua idadi ya walengwa, unaigawa kwa moja jumlisha idadi hiyo hiyo mara mraba wa kosa unaloliruhusu, na unapata idadi ya watu wa kuwahoji. Nilipouliza vijijini ni wazee wangapi bado wanayajua majina ya sehemu za tanuri, nikaambiwa sita. Nikaiingiza sita kwenye fomula, kosa 0.05, kama walivyofanya wote waliotangulia. Jibu: 5.91. Nikakaa nalo kwenye kimbweta mchana kutwa. Watano ningewahoji wazima. Wa sita ningemhoji asilimia tisini na moja, niondoke akiwa katikati ya sentensi? Rafiki yangu wa takwimu akanishauri nikadirie. Nikakadiria, nikapata sita, wale wale sita niliokuwa nao kabla ya Yamane kuzaliwa kwenye ukurasa wangu. Lakini sasa walikuwa sita wa kisayansi. Chini yake nikaandika Kothari (2004), kwa sababu kila tasnifu niliyoifungua maktabani ilikuwa imemwandika Kothari, na mimi ni nani nisimwandike Kothari?

Sura ya pili, mapitio ya machapisho, usiihangaikie sana. Iandike kama kondakta anavyotaja vituo. Fulani alisema. Fulani naye akasema. Hata hivyo Fulani alisema. Wasiongee wao kwa wao, na wewe usiwaingilie. Mwishoni tangaza pengo. Pengo ni lazima; asiye na pengo hana utafiti. La kwangu nililitangaza kwa sauti ya baragumu: "Hakuna mtafiti yeyote aliyewahi kushughulikia uhunzi wa Ufipa." Lilikuwa pengo pana kuliko bonde la Rukwa unalolitazama ukisimama juu ya Lyamba lya Mfipa, pale nchi inapokatika ghafla na ziwa kubaki mstari wa fedha kule chini.

Mwezi mmoja baadaye pengo likaanza kujaa watu. Akatokea Greig, aliyeandika juu ya matanuri hayo mwaka 1937 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Akatokea Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wetu wenyewe, ambaye tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1995 ni ya uhunzi wa kusini magharibi mwa Tanzania, Ufipa ikiwemo. Akatokea Roy Willis, mwanaanthropolojia wa Edinburgh, aliyekaa kwetu miaka ya 1960 na kuandika juu ya Ufipa ya watemi wa Milansi, Nkansi na Lyangalile. Ukitaka kuonja utamu wa taaluma, soma hili: habari za Milansi nilisimuliwa na bibi nikiwa na miaka saba, tunachambua maharage. Nilipoandika "bibi yangu alisimulia", nikaulizwa pembeni: "Chanzo?" Nikafuta bibi, nikaandika "Willis (1981)". Hapo ikapita. Bibi hajui mpaka leo kwamba ana msemaji wake Uskochi.

Kuna pia akili mnemba, kwa wenye bando. Usiku mmoja niliiomba rejea za uhunzi wa Wafipa, ikanipa tatu, safi, zina mwaka, zina kurasa, zina majina mazuri. Siku mbili nilizunguka maktabani nikiwatafuta waandishi ambao mama zao hawakuwazaa. Nikarudi kwenye madesa.

Sasa msimamizi. Ukitoka Sumbawanga, wenzako chuoni wanaamini huna haja ya msimamizi. Husemwa kwamba jina la mji wetu lina maana ya "tupa uchawi", lakini watani hawaamini kwamba tuliutupa. Kila mvua ikinguruma bwenini naombwa niache. "Mrushie radi Dokta akupe A," walinishauri. Nilipopata C kwenye pendekezo la utafiti, wakakubali kwa masikitiko kwamba jina la mji ni la kweli.

Msimamizi wangu ni mama mpole, mfupi, hapandishi sauti. Silaha yake ni maneno mawili. Rasimu yangu ya kurasa 46 ilirudi na maneno hayo pembeni mara kumi na tisa, nilihesabu: "Kwa hiyo?" Wazee watatu kati ya sita walisema hivi. Kwa hiyo? Jedwali namba 4 linaonesha asilimia hamsini. Kwa hiyo? Wiki nzima nilidhani ni dharau. Nikajibu kwa njia anayoijua kila mwanachuo: nikaongeza. Nilipanua nafasi kati ya mistari. Kila "kwa" nikaigeuza "kwa namna ya". Kila "alisema" nikaigeuza "alibainisha". Kurasa zikafika 58. Nakala mpya ikarudi na "Kwa hiyo?" thelathini na moja.

Niliacha jambo moja nyuma, la hojaji, na naona hapa ndipo mahali pake.

Hojaji nzuri ni ile ambayo mhojiwa hawezi kuijibu bila kukubaliana nawe. Yangu ilikuwa na maswali ishirini na vijumba vitano kila swali, kuanzia "Nakubaliana sana" hadi "Sikubaliani kabisa". Niliipeleka kijiji kimoja upande wa Nkasi, kwa mzee ambaye kwa hesabu ya ukoo ni babu yangu. Alinipeleka shambani. Tanuri lilikuwa limesimama katikati ya maharage, linampita mtu mrefu karibu mara mbili, udongo wake mwekundu umepasuka upande mmoja, na chini limezungukwa na matundu ya kuingizia upepo. Mjusi alikuwa anaota jua kwenye tundu mojawapo. Nikafungua faili, nikasoma swali la saba kwa sauti ya mtafiti: "Ni kwa kiwango gani unakubaliana na kauli kwamba istilahi za uhunzi zinaakisi mtazamo-ulimwengu wa jamii?"

Babu akanitazama. Akaitazama karatasi.

"Mjukuu wangu, hapo umeniuliza mimi, au umejiuliza ukajijibu?"

"Nimekuuliza wewe, babu. Unachagua kijumba."

"Vijumba vyote hivi, na hakuna mlango."

Akanyamaza. Mimi nikanyamaza pia, kwa kukosa la kufanya. Mwongozo wa Kothari haukusema ufanye nini mhojiwa akikukatalia vijumba. Kisha akaweka mkono juu ya udongo kama mtu anayempapasa ng'ombe, akaanza mwenyewe. Yeye hakuwahi kuliona likiwaka, aliambiwa na baba yake. Hili kubwa linaitwa ilungu, wingi malungu. Hili halivukutwi. Unapanga mkaa na mawe ya chuma kutoka juu, unawasha, upepo wa Ufipa unajua njia, siku kadhaa usiku na mchana.

"Ila kinachotoka humu si jembe," akasema. "Kimejaa mavi ya chuma. Ukikifua hivyo hivyo, jembe linakatika kwenye tuta la kwanza. Lazima kirudi motoni tena, kwenye kitanuri kidogo, kintengwe. Hicho ndicho cha mivukuto. Hapo sasa watu wanatoka jasho."

Tuta analolisema si tuta la kupalilia kwa vidole. Ni intumba, lile lundo la udongo na majani yaliyofukiwa yaoze ndani, ambalo bibi zetu wamelilima kwenye nyanda hizi vizazi na vizazi. Jembe bovu halimalizi hata mstari. Nilikuwa sina nafasi kwenye hojaji ya kuandika hayo yote. Nikayaandika nyuma ya karatasi, kwa penseli, kama alivyoyasema.

Niliporudi chuoni nikayasafisha, kama mwongozo unavyotaka. "Mavi ya chuma", kwa mfano, ni maneno yasiyovaa tai. Yapo kwenye Kiswahili siku zote, kila mhunzi wa pwani na bara anayajua, lakini utayawekaje mbele ya jopo? Nikaandika "masalia ya mchakato wa uyeyushaji". Na ile habari ya upepo nikaivisha hivi:

"Ilibainika na mtafiti kwamba suala zima la uingizwaji wa hewa katika tanuri husika lilikuwa likifanyika katika namna ambayo haikuhusisha matumizi ya vifaa vya uvukutaji."

Maneno ishirini na manne. Niliyapenda. Niliyasoma kwa sauti bwenini, mtu akapiga makofi, "Nondo hizo!"

Msimamizi akaniita ofisini. Hakuongea. Aliweka rasimu mezani, akaigeuza, akanionesha kitu ambacho sikukusudia akione: karatasi ile ya hojaji, yenye penseli nyuma, ilikuwa imebanwa pamoja na viambatisho kwa bahati mbaya. Hakukuwa na wekundu hata chembe.

"Haya nani kaandika?" akauliza.

"Mimi, Dokta. Ni maneno ya babu."

"Na haya?" Kidole kwenye maneno ishirini na manne.

Nikataka kusema mtafiti.

Akanipa kalamu yake nyekundu, akasema niiandike upya pale pale, mbele yake, kama ningemwambia mdogo wangu aliyeko darasa la sita. Ilinichukua muda mrefu kuliko sura nzima ya kwanza. Nilifuta "ilibainika". Nilifuta "suala zima". Ukilifuta suala zima mara moja, ndugu msomaji, utashangaa jinsi lilivyokuwa halina kitu ndani. Nilifuta "husika". Yakabaki matatu: "Tanuri kubwa halikuvukutwa." Na yalipobaki matatu, swali likajileta lenyewe: kwa nini kubwa halikuvukutwa na dogo likavukutwa? Ndipo nikaona kwamba majina niliyokusanya yanajipanga makundi mawili, ya tanuri la upepo na ya kitanuri cha jasho. Hicho ndicho kilikuwa kitu cha kuandika, na kilikuwa kimekaa nyuma ya swali la saba miezi mitatu.

Kwa atakayefuata mwongozo huu kwa ukamilifu, tahadhari moja: usikubali kupewa kalamu hiyo. Tangu siku ile tasnifu inakonda kama ng'ombe wa kiangazi. Fasili ya chuma imeondoka. Yamane ameondoka na asilimia yake tisa ya mzee. Kichwa kimebaki na maneno saba, nukta mbili zimekufa. Kothari bado yupo, ukurasa wa 14, nimeshindwa kumfukuza. "Mavi ya chuma" yamerudi mahali pake, na mbele ya jopo mtu mmoja alicheka, kisha akauliza swali la maana. Kurasa ni 31 na kanuni za idara zinataka 40, na bumu limeisha kabla ya kudurufu.

Jana nilimpigia babu kumuuliza jina la tundu moja nililosahau. Alinitajia, kisha akauliza kama kile kitabu cha vijumba kimekwisha. Nikamwambia vijumba nimevitoa, na kitabu bado, narudia.

"Mara ya ngapi?"

"Ya nne."

Nikasikia ameondoa simu sikioni, anamwambia mtu aliyekuwa naye barazani: "Bado anavukuta huyu."