Keshi ya St Pancras

Kosa la kwanza lilikuwa la masikio. Mjukuu wangu wa miaka 11 aliniambia kwa Kiswahili chake cha kuzaliwa London, "Babu, kesho tunaenda stesheni kutafuta keshi." Mimi ni mstaafu. Mstaafu akitajiwa keshi haulizi maswali, anauliza saa ya kuondoka. Nikavaa koti la harusini na kofia yangu ya kiua, nikakunja mfuko mtupu nikautia kwapani. Afadhali mfuko urudi mtupu kuliko kukuta mali ukakosa pa kuitia.

Nilifumbuliwa macho tukiwa tayari ndani ya treni ya chini ya ardhi. Kumbe mchezo unaitwa jiokeshingi. Mtu anaficha kijisanduku, ndicho keshi yenyewe, anaweka latitudo na longitudo yake kwenye intaneti, na wengine wanakisaka kwa simu. Ulianzia Marekani. Tarehe 2 Mei 2000 serikali ya Clinton iliacha kuyavuruga makusudi mawimbi ya GPS wanayotumia raia, na kesho yake bwana mmoja, Dave Ulmer, akaenda msituni Oregon akaficha ndoo yenye vitabu, manati, kopo la maharage na dola chache.

"Dola ngapi?" nikauliza.

"Zamani hizo, Babu. Siku hizi ndani mna karatasi. Unaandika jina lako, unarudisha kisanduku."

Miaka 30 niliandika majina ya watu kwenye daftari la mizigo pale stesheni ya Tanga, na mwisho wa mwezi nikilipwa. Leo nimelipa nauli ili niandike la kwangu.

Sheria kubwa ya mchezo ni kutoonekana. Asiyeujua huitwa 'muggle', jina lililoazimwa kwenye vitabu vya Harry Potter, na hutakiwi kumshtua. Sasa jirani na St Pancras tulikokuwa tukienda, kwenye stesheni ya King's Cross, watu wazima wanapanga foleni wapigwe picha wakisukuma toroli lililozama nusu ukutani, chini ya kibao cha jukwaa namba 9¾. Hao hawamshtui mtu. Wa kujificha ni mimi.

Tukaingia St Pancras. Nisiseme uongo, mtu wa reli nilisimama nikasahau keshi. Lile paa la chuma na vioo, kazi ya mhandisi William Barlow ya mwaka 1868, limeruka kama meta 73 kutoka ukuta hadi ukuta bila nguzo hata moja katikati. Nguzo ziko chini, ghorofa ya maduka, na zilipangwa kwa vipimo vya mapipa ya bia yaliyokuwa yakiletwa kwa treni kutoka Burton. Nikasema astaghfirullahi, lakini nikakiri kwamba hesabu ilikuwa safi.

"Babu, usishangae. Wataona."

Nikashusha macho. Mshale wa simu ukatupeleka kwanza kwenye sanamu ya wapenzi wawili waliokumbatiana, urefu wake meta 9. Mjukuu akaninong'oneza nichungulie miguuni pao. Fikiria mzee mwenye kofia ya kiua, anazunguka visigino vya watu wanaoagana, anajifanya anafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa makubazi.

Mshale ukabadili nia. Chini ya paa lile simu ilichanganyikiwa kama abiria aliyepoteza tiketi. Mara meta 3, mara meta 40, mara ikatutaka tupite ukutani, na toroli hatuna. Tukahamia kwenye mabenchi. Nikaketi kistaarabu, nikatia mkono chini ya ubao, nikapapasa. Nikapata kitu cha duara, kigumu, kimeng'ang'ania.

"Nimekipata!"

Ilikuwa bigijii. Benchi la pili, bigijii. La tatu nilipata mbili, moja bado mbichi.

Pale Tanga ukiinama stesheni dakika moja, watu watatu wameshainama nawe na wa nne anauliza umedondosha nini. London walinipita kama nguzo. Nikajisifu kwamba nimeiva, sionekani. Kumbe aliyekuwa akiniona alikuwa ameshaniona tangu kwa wale wapenzi.

Mshale ulitulia mbele ya sanamu nyingine, bwana wa shaba mwenye tumbo la heshima na koti linalopeperuka, kichwa amekirudisha nyuma, mkono mmoja ameshikilia kofia isianguke. Ni mshairi John Betjeman, aliyeipigania stesheni hii miaka ya 1960 ilipotakiwa kuvunjwa. "Koti, Babu," mjukuu akasema. "Ningekuwa mimi, ningeficha ndani ya koti." Nikaingiza mkono kotini mwa mshairi hadi kiwikoni.

"Habari za asubuhi, bwana. Naweza kukusaidia?"

Mlinzi, kizibao cha kung'aa, redio begani. Kiingereza changu ni cha reli, kinajua mizigo, nauli na kuchelewa kwa treni. Nikajibu, "Natafuta kisanduku kidogo kilichofichwa na mtu nisiyemjua."

Sentensi hiyo usiiseme katika stesheni yoyote ya Ulaya.

Akataka kujua mfukoni nina nini. Nilikuwa na kifurushi cha karafuu, kwa sababu mchezo unasema ukitoa kitu kisandukuni uache kingine. Akakifungua taratibu, akakinusa, uso ukalegea. Mama yake, akasema, huzitia kwenye wali. Kisha akamwomba mjukuu simu, akasoma yale maelezo ambayo sisi tuliokuwa na haraka ya utajiri hatukuyasoma hadi mwisho.

Kisanduku hakikuwepo. Hapo pana keshi ya kufikirika tu, na unachotakiwa ni kujibu swali: Mkono wa bwana huyu umeshika nini?

Tukamtazama mshairi, sote watatu.

"Kofia," akasema mlinzi.

Kweli, ameshika kofia, kwa kuwa anatazama paa. Saa nzima mimi nilikuwa chini ya mabenchi. Nikainua kichwa kama yeye, na kofia yangu ya kiua ikaanza kuteleza kisogoni. Nikaidaka. Mjukuu akapiga picha hapo hapo.

Jioni bibi yake akapiga simu kutoka Tanga. "Mmezipata hizo hela?"

"Hakuna keshi, mama. Ni ya kufikirika."

Akanyamaza kidogo. "Kama pensheni yako," akasema, "na hiyo hukulazimika kuifuata Ulaya."